Arobaini kwa Moja

Giaboksi ya Land Rover au Land Cruiser ya zamani ikianza kulia, mwenye gari hupata washauri wa namna tatu. Wa kwanza humwambia aifungue hiyo hiyo, abadilishe beringi na sili, maisha yaendelee. Wa pili humtaka atafute ya gia tano kutoka gari la miaka ya baadaye, kwa kuwa barabara za leo si za jana. Wa tatu humshauri ang'oe kila kitu, giaboksi na transfa pamoja, afunge za gari la ukoo mwingine, ikiwezekana na injini yake. Wote watatu hubishana kwa vipimo vile vile: ipi ina nguvu zaidi, ipi ina gia nyingi zaidi, ipi inapanda na mzigo taratibu zaidi. Kwa gari linalofanya kazi Kigoma, Ujiji na mwambao wa Ziwa Tanganyika, vipimo hivyo ni vya haki lakini haviamui jambo, kwa sababu majibu yake yanakaribiana kuliko wabishi wanavyodhani. Kinachoamua ni umbali uliopo kati ya mahali giaboksi itakapoharibika na mtu wa kwanza anayeweza kuifungua, kuielewa na kuirudisha barabarani. Anayenunua giaboksi anachagua watu atakaowategemea kwa miaka mingi ijayo, hata kama anadhani ananunua chuma tu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo inayopenda kutumiwa kuwanyamazisha wengine. Giaboksi hupunguza mizunguko ya injini na kuongeza nguvu ya kuzungusha. Transfa, iliyo nyuma yake, huigawa nguvu hiyo kwa ekseli ya mbele na ya nyuma, na ikiwekwa kwenye lo hupunguza mizunguko mara ya pili. Difu hupunguza mara ya tatu. Ukizidisha hatua hizo tatu unapata punguzo la jumla. Land Rover Series III, iliyotoka mwaka 1971, ina gia ya kwanza ya 3.68, lo ya 2.35 na difu ya 4.7, jumla yake ni karibu 40.7, yaani injini huzunguka mara arobaini na ushei ndipo gurudumu lizunguke mara moja. Land Rover 110, iliyoingia sokoni mwaka 1983, ilibadilishwa karibu kila kiungo: giaboksi ya gia tano ya LT77 yenye gia ya kwanza ya takriban 3.59, transfa ya LT230 yenye lo ya 3.32, na difu nyepesi ya 3.54. Jumla ni 42. Land Cruiser ya zamani iliyofungwa giaboksi ya Toyota ya gia tano, H55F, ina gia ya kwanza ya takriban 4.84, lo ya 1.96 na difu ya 4.11. Jumla ni 39. Wahandisi wa Uingereza na wa Japani, kwa njia tatu zisizofanana, waliishia mahali pamoja: arobaini kwa moja, au jirani yake.

Haikutokea kwa bahati. Injini ya dizeli ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, na tairi la 7.50-16 likiwa na mzingo wa takriban mita 2.5, punguzo la arobaini hulipeleka gari kwa kilomita 3.75 hivi kwa saa. Huo ni mwendo wa mtu anayetembea amebeba mzigo. Ni mwendo wa wapagazi waliotoka Bagamoyo na kuteremsha mizigo yao Ujiji, mji ambao Burton na Speke waliufikia mwaka 1858 kwa sababu njia ya misafara ilikuwa inafika huko tayari. Gari likienda hivyo, dereva anaona kila jiwe kabla tairi halijaligusa, injini haizimiki, na klachi haihitaji kukanyagwa nusunusu mpaka iungue. Ukishuka sana chini ya arobaini, tuseme thelathini, klachi ndiyo inayolipa deni kila mlima. Ukipanda sana juu yake, unapata nguvu ambayo tairi haliwezi kuifikisha ardhini kwenye mchanga wa mwambao wala kwenye tope la masika. Kwa hiyo anayesema giaboksi fulani itampandisha milima ya Manyovu na nyingine itamwacha chini anazungumzia tofauti isiyozidi asilimia nane hivi, ambayo tairi la ukubwa tofauti peke yake linaweza kuifuta. Hesabu imefanya kazi yake nzuri: imetuambia kwamba jibu haliko kwenye hesabu.

Liko wapi basi? Historia ya ziwa lenyewe inatoa kidokezo kizito. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na mmoja wa mizigo yake mikubwa ya mwanzo ulikuwa meli nzima, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg nchini Ujerumani, ikafunguliwa, ikapakiwa kwenye takriban masanduku 5,000, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na Kigoma kwa reli, kisha ikaunganishwa upya ufukweni na kuteremshwa majini Februari 1915. Julai 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitekwe, lakini kabla ya kuizamisha mafundi wake walizipaka injini grisi nzito. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, walikuta injini na boila bado zinafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Wengi husimulia kisa hicho kama muujiza wa chuma cha Kijerumani. Kisomwe kwa makini, kinaeleza jambo jingine: mashine iliyowahi kuunganishwa hapa hapa, kwa vifaa vilivyoweza kufika hapa, na kutunzwa na watu walioijua kila nati, ndiyo iliyovumilia kuzama na kuibuka. Ugumu wa chuma ulisaidia, lakini chuma kigumu kisichofunguka kingebaki chini ya maji mpaka leo.

Tukirudi kwenye giaboksi, kufunguka kuna maana tatu: isomeke kwa sikio na jicho, ikubali vifaa vya kawaida, na spea zake zipatikane bila kusubiri mwezi. Chukua giaboksi ya Land Rover za Series. Fundi mzoefu huijua hali yake kabla ya kuiteremsha. Ikilia kwenye gia ya kwanza, ya pili na ya tatu, kisha ikanyamaza kwenye ya nne, hutazama beringi za shafti ya chini, kwa sababu gia ya nne hupitisha nguvu moja kwa moja bila kuishirikisha shafti hiyo. Ikilia gari likiwa limesimama bila gia na kunyamaza klachi inapokanyagwa, hushuku beringi ya shafti inayotoka kwenye klachi. Akimwaga oili akakuta unga wa shaba, ni sinkro zinazolika. Akikuta vipande vya chuma, ni meno au beringi, na gari lisiendelee. Oili ya rangi ya maziwa humwambia kwamba maji yameingia kwenye kijito, mara nyingi kupitia tundu la kupumulia lililoachwa wazi. Oili ya giaboksi ikipungua huku ya transfa ikiongezeka, sili ya katikati imekufa. Hakuna kompyuta inayohitajika. Land Cruiser ya umri huo husomeka vivyo hivyo, na transfa zote mbili zinaendeshwa na meno matupu, bila mnyororo wa kulegea.

Sasa tazama giaboksi ya kisasa kidogo, LT77. Ni ya gia tano, ina sinkro kwenye gia zote, na kwa dereva ni raha tupu. Lakini imeundwa itumie oili nyembamba ile ya giaboksi za otomatiki, wakati transfa ya LT230 iliyoungwa nyuma yake inataka oili nzito ya gia, namba tisini. Kwa kitabu cha mtengenezaji hilo ni jambo la mstari mmoja. Kwa gereji ambayo kwa miaka yote imejua kwamba gia za mkono ni tisini, ni mtego: fundi mwadilifu kabisa atajaza tisini huku na huku, gia zitakuwa nzito asubuhi, dereva atazilazimisha, na sinkro zitalipa. Kosa hapo halina mwenyewe, si mtengenezaji wala fundi. Lilizaliwa pale kifaa kilipoletwa bila maarifa yake kusafiri pamoja nacho. Tena Kigoma ni mwisho wa reli, karibu kilomita 1,250 kutoka Dar es Salaam. Sili isiyo ya kawaida ikiharibika, kuna kupiga simu, kutuma fedha, kungoja basi au treni, na kuomba Mungu kwamba aliyetumwa dukani Kariakoo hakuchukua ya namba inayofanana. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na katika biashara ya kubeba mawese au dagaa, gari lililoinuliwa juu ya mawe kwa wiki tatu ni hasara kubwa kuliko mafuta yote ambayo gia ya tano ingeokoa katika muda huo.

Kuna pia swali la kurudi nyumbani, na hapo mwambao hauna huruma. Kwenda Gombe hakuna barabara ya gari, watu huenda kwa boti. Kusini ya Malagarasi, ukiipita Ilagala na kuelekea Sunuka hadi Kalya, njia ya gari ipo, na mvua za Novemba hadi Aprili huamua nani atapita. Huko swali la maana ni kama mashine ikiharibika kiungo kimoja itakubali kujikokota kwa vilivyobaki. Magari haya ya zamani yanakubali. Kwenye Land Rover ya Series, shafti ya ekseli ya nyuma ikikatika, dereva huivuta nje bila kuondoa gurudumu, huingiza fowili na kurudi akivutwa na ekseli ya mbele. LT230 nayo ina wema wa aina hiyo: propela moja ikivunjika, unaifungua, unafunga kufuli la difu ya kati, na gari linasukumwa na propela iliyobaki. Kwa hiyo wema huu si mali ya ukoo mmoja. Lakini unahitaji dereva anayeujua. Asiyejua kuhusu kufuli la difu ya kati atakaa njiani na gari zima, nguvu yote ikikimbilia upande usio na propela, na ataamini giaboksi imekufa.

Pingamizi la kwanza ni la lami, nalo ni la kweli. Barabara kutoka Kigoma kupitia Kasulu na Kibondo kwenda Nyakanazi si ile ya zamani, na daraja la Kikwete limeufanya mto Malagarasi uvukwe bila wasiwasi upande wa Uvinza. Mtu atauliza: kwa nini tupime giaboksi kwa mwendo wa mpagazi wakati safari nyingi sasa ni za lami? Land Rover ya Series, injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika kwenye gia ya nne, huenda kilomita 70 hivi kwa saa na kupiga kelele za kumchosha hata kiziwi. Land Cruiser yenye H55F, ambayo gia yake ya tano ni takriban 0.85, kwa mizunguko hiyo hiyo inakaribia kilomita 110. Tofauti hiyo inalipika kwa mafuta na kwa mgongo wa dereva. Nakubali. Lakini tazama vizuri mfano unaonikwaza: H55F ni ya ukoo wa Land Cruiser wenyewe, imetumiwa kwenye magari ya miaka ya 1980, na inafungwa kwenye gari la zamani bila kumlazimisha fundi ajifunze upya. Hata Land Rover ya Series iliundiwa kifaa cha ziada, overdraivu ya Fairey, kinachofungwa nyuma ya transfa na kupunguza mizunguko ya injini kwa zaidi ya moja ya tano, na kikiharibika kinatolewa gari likaendelea kama mwanzo. Lami inatetea gia ya tano. Haitetei kuuhama ukoo.

Pingamizi la pili linahusu fowili. Land Rover za Series na Land Cruiser za zamani huendesha magurudumu ya nyuma peke yake mpaka dereva aamue vinginevyo: kwenye Land Rover, kirungu cha njano kwa fowili ya kawaida, wenzo wa kirungu chekundu kwa lo. Hazina difu ya kati. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na kwa kuwa transfa imeyafunga pamoja, shafti hujikaza kama kamba inayosokotwa pande mbili. Kwenye mchanga na tope, tairi huteleza kidogo na mkazo hutoka. Kwenye lami kavu hauna pa kutokea, mpaka meno au krosi za propela zitoe. Mtetezi wa LT230 atasema: hilo ndilo gari la zama hizi, fowili wakati wote, difu ya kati inameza tofauti, dereva hana la kusahau. Jibu ni kwamba ana la kusahau, tena kubwa zaidi. Kama tulivyoona kwenye propela, difu ya kati isiyofungwa hupeleka nguvu yote kwa gurudumu linaloteleza. Kila mfumo unadai nidhamu yake: mmoja unadai ukumbuke kuitoa fowili ukifika lami, mwingine unadai ukumbuke kulifunga kufuli ukifika topeni. Nidhamu ya kwanza ndiyo inayofundishwa kwa mdomo kati ya madereva wa mwambao, na anayeikosea husikia usukani ukimlalamikia mapema. Anayeikosea ya pili hugundua akiwa amezama.

Otomatiki nayo ina watetezi, hasa kwa mchanga. Mahali pa klachi kuna kifaa cha oili kinachozungusha bila kugusana, ambacho huongeza nguvu ya kuzungusha gari linapoanza kusogea na kuzuia tairi lisichimbe. Mchangani, dereva mgeni wa otomatiki humshinda mzoefu wa klachi, na hilo lisibishwe. Lakini raha hiyo huzaa joto, na joto hilo huongezeka hasa gari likienda polepole na mzigo, ambayo ndiyo kazi tunayoizungumzia. Oili yake lazima iwe safi, kipoza oili kiwe kizima, na kushuka mlima hakuna breki ya injini ya kutosha kama ile ya gia za mkono. Betri ikifa, gari la otomatiki halisukumwi likawaka. Na ikiharibika ndani, ina vali na vijia vya oili ambavyo hali yake haitambuliwi kwa sikio wala kwa unga uliokaa chini ya sampu. Kwenye mji wenye gereji iliyojifunza kazi hiyo, ni chaguo la busara. Pasipo na gereji hiyo, ni kukopa starehe kwa riba.

Pingamizi linalonipa shida zaidi ni la injini. Injini ya dizeli ya lita 2.25 ya Land Rover ilitoa nguvu ya kuzungusha ya takriban Nm 140, na giaboksi yake iliundwa kwa injini za nguvu ya kadiri. Wenye magari Afrika Mashariki wamezoea kuing'oa na kuweka injini ya Kijapani. 1HZ ya Toyota, kwa mfano, dizeli ya lita 4.2 isiyo na tabo, hutoa takriban Nm 285. Ni mara mbili. Mwenye gari wa namna hiyo akiambiwa atunze giaboksi ya asili kwa sababu mafundi wanaijua, atajibu kwa haki kwamba mafundi watakuwa wanaijua kwa kuizika kila mwaka. Hapo ukoo wa gari umeshavunjwa kwenye injini, na uaminifu kwa giaboksi ya zamani unageuka ushabiki. Lakini suluhisho analopewa mara nyingi ndilo baya kuliko yote: sahani ya adapta iliyokerezwa mjini, injini ya ukoo mmoja, giaboksi ya ukoo wa pili, transfa ya ukoo wa tatu. Sahani ikikosea kidogo tu, shafti haiwi sawa na kitovu cha injini, na beringi ya mbele hufa bila dalili nyingine. Giaboksi ndefu ikiingizwa kwenye Land Rover fupi, propela ya nyuma hubaki fupi mno, pembe yake huwa kali, krosi hazidumu. Aliyeweka injini ya Toyota basi achukue pamoja nayo klachi, giaboksi na transfa zilizozaliwa nayo, zikiwa zimeungana, na kabla ya kulipa ahakikishe propela ya mbele inatokea upande ule ule ilipo difu ya ekseli yake. Akifanya hivyo hajaiacha kanuni. Ameitimiza kwa mlango mwingine, kwa sababu sasa gari lake linaeleweka tena kuanzia injini hadi propela na fundi mmoja.

Atasimama mpinzani wa mwisho na kusema kwamba hoja hii yote ni uhafidhina uliovaa ovaroli, na shahidi wake atakuwa meli niliyoitaja. Liemba haikubaki na mvuke. Katika miaka ya 1970 injini zake za mvuke zilitolewa, zikafungwa za dizeli, na hakuna aliyeiona kuwa imesalitiwa. Ni kweli, na ndiyo sehemu ya kisa inayoninufaisha zaidi. Kufikia wakati huo dizeli ndiyo iliyokuwa lugha ya kila gereji na kila bandari, na ujuzi wa boila ulikuwa unastaafu pamoja na wenyewe. Mashine ilihamia mahali ujuzi ulipokwisha kuhamia. Jambo hilo hilo limetokea kwa magari. Julai 1960, Jane Goodall na mama yake walifika Kigoma kutoka Nairobi kwa Land Rover iliyojazwa kupita kiasi, ikiendeshwa na mtaalamu wa mimea Bernard Verdcourt, na wakati ule gari la serikali na la utafiti lilikuwa hilo. Wakimbizi walipofurika kutoka Burundi na Kongo miaka ya 1990, na kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, zikaleta misafara ya mashirika, magari yaliyojaa barabara za Kasulu na Kibondo yalikuwa Land Cruiser, na vijana wengi walijifunza ufundi chini ya hayo. Arusha mambo ni tofauti: utalii umeihifadhi Land Rover kiasi kwamba mwaka 2024 mji huo uliandaa tamasha la magari hayo. Land Rover ile ile, yenye ugonjwa ule ule, inaweza kustahili jibu moja Arusha na jingine Kigoma. Hilo haliwezi kueleweka na mtu anayelinganisha giaboksi kwa jedwali la mtengenezaji.

Wala tusimfanye fundi wa karibu kuwa mtakatifu. Wapo wanaopigilia beringi kwa nyundo, wanaorudisha sili ya zamani kwa sababu inaonekana nzima, na wanaochanganya gia za matoleo mawili. Giaboksi za Series zina herufi mwishoni mwa namba zake inayoonyesha mabadiliko ya ndani, na gia za herufi moja hazikubali za nyingine daima. Asiyeisoma herufi hiyo atanunua chuma kizuri kisichoingia. Lakini ubovu huo una dawa moja ambayo giaboksi ya mbali haina: mwenye gari anaweza kusimama hapo. Anaweza kuomba sehemu zilizotolewa ziwekwe mezani, kulinganisha ya zamani na mpya, kuuliza herufi, kumpelekea mtu wa kukereza shafti iliyochubuka, na kurudi wiki ijayo kulalamika kwa mtu yule yule. Ufundi hukomaa kwa kulaumiwa na anayerudi. Giaboksi iliyotumwa kutoka mbali ikiwa imefungwa na plastiki haimfundishi mtu kitu, na ikiharibika humwacha kila mmoja na ujinga aliokuwa nao.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa mwenye gari kuukuu la mwambao unaweza kusemwa bila kuzunguka. Mwenye Land Cruiser na atafute H55F, aiache transfa yake ya meno, na fedha atakazobakiza azitumie kwa sili mpya, beringi za jina linaloaminika na oili inayostahili. Mwenye Land Rover ya Series ambayo bado ina injini yake aitunze giaboksi yake, aifungue kabla haijajifungua yenyewe, na kama lami ndiyo kazi yake kubwa, atafute overdraivu badala ya upasuaji. Aliyekwisha kubadilisha injini amalize alichoanza, achukue seti nzima ya ukoo wa injini hiyo, asishone vipande. Mwenye 110 abaki na LT230 yake, ila aandike kwa rangi, juu ya bodi karibu na kijazio, oili gani inaingia wapi. Na yeyote, kabla ya kutoa hata shilingi ya kishika uchumba, aende gereji tatu za Kigoma na Ujiji na kuuliza swali moja: umewahi kuifungua hii, na ulikuta nini ndani? Akijibiwa kwa maelezo ya meno, beringi na herufi, anunue. Akijibiwa kwamba itajulikana ikifunguliwa, giaboksi hiyo inaweza kuwa bora kuliko zote duniani, na bado si yake.